Filimbi Ikinyamaza

Bi Zuhura alizikwa Ijumaa baada ya swala, na kufikia jioni viatu vilikuwa vimejaa mlangoni pa nyumba yake, hapa Machakos mjini nyuma ya msikiti, hadi wageni wakawa wanaondoka na vya wenzao. Mimi nilikaa jikoni na wanawake, kisu mkononi, nikimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyenituma nivimenye, kwa sababu mimi nikikaa bure nalia. Mpwa wake mmoja, mwanamume wa makamo sasa, mwenye mvi, akachungulia dirishani na kuniuliza, "Ndinda, bado unapiga zile picha zako za moshi?" Wanawake wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nikacheka kwa kuwa nilijua, na hapo hapo machozi yakanitoka, na vitunguu vikabeba lawama. Picha za moshi ndilo jina ambalo Bi Zuhura mwenyewe alizipa, mwaka wa tisini na nane, mwaka mmoja niliofanya kazi katika studio yake, baada ya zile mvua za Elnino zilizovunja barabara na kuviacha vilima vya Iveti na ukijani ambao sijauona tena. Tangu wakati huo nimepiga picha za harusi na mazishi, mahafali na kampeni, na nimelipwa na kusahauliwa kama wapiga picha wote. Lakini nikiulizwa nilisomea wapi, nasema ukweli: katika vyumba viwili na ua, kwa mama aliyeamini kwamba picha nzuri ni ya mtu asiyetikisika.

Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja. Kulikuwa na benchi, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee, koti moja jeusi na tai moja nyekundu za kuazima waliokuja bila, na ukutani kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji, juu yake ndege ya abiria ikipita chini chini, sijui ilikuwa ikienda kutua wapi. Chumba cha nyuma kilikuwa nusu jiko, nusu chumba cha giza, vimetengwa kwa ubao na blanketi zito. Picha za rangi tulizipeleka Nairobi kusafishwa, ila zile nyeusi na nyeupe, za vitambulisho na za watu wa kubana matumizi, tulizisafisha wenyewe nyuma ya lile blanketi. Kwa hivyo picha zetu zilinukia iliki, na siku nyingine mahamri yetu yalinukia dawa. Bi Zuhura alikuwa na sheria zake. Viatu lazima vionekane, maana mteja aliyekatwa viatu hurudi na kelele. Mikono ikae ubavuni. Kidevu alikiinua mwenyewe kwa vidole viwili, kisha akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyepanga vikombe na hataki vianguke. "Usipumue," alikuwa akiwaambia, na wazee waliotoka Masinga huko mbali walikuwa hawapumui kweli, hadi macho yanawatoka. Mtu wa picha husimama, alisema. Mtu wa kutembea atembee akienda zake.

Niliharibikiwa, kwa maneno yake, siku alipoletwa mtoto wa kupigwa picha ya pasipoti ambaye hakukubali kutulia. Picha ilipotoka mtoto alikuwa na pua mbili na masikio yasiyo na mwisho. Bi Zuhura aliitupa kwenye ndoo. Mimi niliiokota, nikaianika pamoja na zingine, na sikuchoka kuitazama. Nilijua kwamba ndani ya kamera mna kijipazia kinachofunguka na kufungika, tunachokiita shata, na kwamba kuna kigurudumu cha kuchagua kibaki wazi kwa muda gani. Ila nilikuwa nimefundishwa kukiweka mahali pamoja na kukiacha hapo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba muda wenyewe unaingia kwenye picha. Kuanzia siku hiyo, kila rola ya filamu ilipobakisha picha moja au mbili mwishoni, nilizitumia kwa mambo yangu. Nilipiga gurudumu la cherehani ya fundi wa jirani, likatoka kama sahani ya ukungu na fundi mwenyewe wazi kabisa nyuma yake. Nilimpiga Bi Zuhura akimimina chai kutoka juu ili ipoe, na chai ikawa utepe mmoja mweupe, laini, usio na tone. Hiyo aliishika kwa muda, akaigeuza huku na huku. "Chai yangu umeifanya moshi," akasema. Hakuitupa, lakini hakuisifu. Ningali na hasira kidogo kwamba hakuisifu, na sasa hayupo wa kudaiwa sifa.

Nyuma ya ukuta wa ua wetu kulikuwa na ukumbi, na kila Jumamosi katika uwanja wake wa nyuma kundi moja la ngoma lilifanya mazoezi, ngoma ya Kikamba ile ya kuruka, watu wa filimbi na njuga miguuni, ambao sikukuu za serikali walikuwa wakicheza uwanjani mbele ya wakubwa. Kiongozi wao aliitwa Mzee Kimeu. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, kwa hivyo kucha zake zilikuwa na rangi ya nyumba ya mwisho aliyoipaka, na alijipenda kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumjua. Asubuhi moja aliingia studio amevaa koti, akalifungua vifungo, na ndani akawa amejipamba shanga zote za ngoma zimepishana kifuani.

"Mwiitu," akaniita, yaani binti, "nataka picha ya kuruka."

"Ya kuruka, mzee?"

"Ii. Mimi niko na picha mingi kwa nyumba, na zote nimesimama tu kama mtu anangojea sindano. Mgeni akikuja naambia yeye mimi ni mchezaji. Anaangalia ukuta, haoni mchezaji. Na hii goti imeanza kukataa. Nipige kabla haijakataa kabisa."

Bi Zuhura alitoa kichwa nyuma ya blanketi. "Mzee Kimeu, mtu wa picha husimama. Ukitaka kuruka karuke, kisha uje usimame hapa."

"Bi Zuhura, kusimama nitasimama nikikufa."

"Ukifa utalala," akajibu Bi Zuhura, na wakacheka wote wawili, na mimi nikatumia kicheko kile kubeba kamera na kumtoa mteja uani. Jua lilikuwa kali la saa sita. Nilifanya kile ambacho ningekifanya hata leo nikiwa na haraka: nikazungusha kile kigurudumu hadi spidi ya juu kabisa, ili shata ifunguke na kufungika kabla hata ya kope. Akapuliza filimbi, akaruka, nikabonyeza. Aliposhuka alishika goti na kuuma midomo, lakini akajidai anafunga kamba ya njuga.

Picha ilitoka wazi kuliko zote nilizokuwa nimepiga. Ungeweza kuhesabu shanga. Nyayo zilionekana, na chini yake pengo la mchanga mtupu. Mzee Kimeu aliitazama, akasema ni safi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonjeshwa chakula asichokijua. Kesho yake alikuja mkewe, Mama Mbula, mama mfupi wa maneno machache. Alitoa picha ndani ya leso na kuilaza kwenye kaunta, uso chini.

"Hii siwezi lala nayo nyumba moja," alisema.

"Ni nini mbaya, mama?"

"Angalia hiyo miguu. Iko hewani na hakuna kitu inatingisika. Wewe umewahi ona mtu ako hivyo?"

"Sijawahi."

"Mimi nimewahi. Alikuwa jirani. Tulimpata kwa mti." Akaisukuma picha upande wangu kwa kidole kimoja. "Sitaki kuona bwanangu hivyo kila nikiamka."

Alipoondoka niliigeuza, na tangu hapo sikuweza kuona kitu kingine. Kasi ile ilikuwa imeondoa kila dalili kwamba mtu huyu alipanda na kwamba atashuka. Shanga zilikuwa zimesimama, uso umekakamaa, miguu inaning'inia. Niliumia, nisiseme uongo. Niliumia kwa ajili ya Mama Mbula, na niliumia kwa kiburi changu pia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujiona fundi. Bi Zuhura aliichoma ile picha jikoni bila kuulizwa, akaniwekea sahani mbele. Ilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa nazi. Alikuwa ameupenda muthokoi tangu aolewe huku bara, lakini hakuweza kuula bila kuutia tui, jambo ambalo mama yangu angelihesabu kuwa kosa la jinai. Tulikula, na ninakumbuka kwamba ulikuwa mtamu, na kwamba ilinikera kuona chakula kitamu siku kama ile.

Mzee Kimeu mwenyewe alikuja baada ya siku kadhaa, akichechemea. Daktari alikuwa amemwambia asiruke tena. Kundi lilikuwa limekubaliana kwamba mwisho wa Julai atakabidhi filimbi kwa mwingine, kijana, na siku hiyo angeongoza mchezo kwa mara ya mwisho palepale nyuma ya ukumbi, mbele ya majirani. "Goti imebakisha moja," aliniambia. "Daktari anasema hata hiyo moja hakuna, lakini hii goti si ya daktari. Utanipiga hiyo moja. Na usininyonge tena, mwiitu." Alisema kwa mzaha, kisha akanitazama ili ahakikishe kwamba sijauchukua kuwa mzaha. Mtu mzima alikuwa ameweka miaka yake yote ya kuruka mikononi mwangu, na mimi sikujua nitaipiga vipi.

Miezi iliyofuata nilizungusha kile kigurudumu upande wa pili. Shata ikibaki wazi kidogo, mwendo unaingia, hilo nilikuwa nalijua kutoka kwa cherehani na chai. Tabu ilikuwa kwamba ukiuacha uingie mwingi, mtu anatoweka. Niliwapiga wasichana wakiruka kamba kwenye uwanja wa shule, wakatoka michirizi mitupu, sare bila wasichana. Niliwapiga wapepetaji wa ndengu sokoni, na kilichobaki kilikuwa nyungo. Nilijifunza kungoja mawingu, kwa kuwa jua kali huifanya karatasi kuwa nyeupe yote ukichelewa kufunga, na Machakos, Mungu ashukuriwe, mwezi wa Julai mawingu ni ya bure. Nilijifunza kuifunga kamera kwenye stendi na kuzuia pumzi yangu mimi, si ya mteja. Na kidogo kidogo nikaona kwamba robo ya sekunde ndiyo ilikuwa mahali pangu: mtu akiruka, miguu inayeyuka, lakini pale juu kabisa anapokawia kidogo kabla ya kushuka, uso unapata nafasi ya kukaa. Leo vijana wangu studioni hupiga mia na kuchagua moja. Sisi tulikuwa na moja, na tulikaa nayo gizani tukiingoja ijitokeze kwenye sinia ya dawa. Siwaonei wivu, ila nawahurumia kidogo.

Jumamosi nilikuwa nikienda ukumbini. Mzee Kimeu aliketi kwenye kiti, goti limefungwa kitambaa, akipuliza filimbi tu, na vijana wakaruka. Aliliweka lile goti kama watu wanavyoweka nguo ya Krismasi. Mimi nilibonyeza na kubonyeza, na kila nikisafisha napata vumbi na watu waliokwisha kutua. Jioni moja nilirudi nimekunja uso, nikaanza kupangusa kamera kwa fujo. Bi Zuhura alikuwa akikanda unga.

"Wewe unangoja nini ndipo ubonyeze?" akaniuliza.

"Nangoja niwaone juu."

"Ukishawaona juu, mwanangu, wameshashuka. Mimi sijawaona watu hao wakicheza hata siku moja. Niko hapa jikoni na ukuta uko pale. Lakini nakwambia wako juu saa ngapi." Akaacha kukanda, mikono nyeupe hadi viwikoni, akainua kidole. Upande wa pili wa ukuta wengine walikuwa bado wanaendelea. Filimbi ilipiga, ikapiga, njuga zikaifuata. Kisha filimbi ikakatika, na njuga zote zikanyamaza. Halafu kishindo kimoja chini.

"Umesikia? Huyo wa filimbi huvuta pumzi, na wenzake huruka hapo. Ikinyamaza filimbi, miguu yao haiko chini. Bonyeza kwenye kimya." Akarudi kwenye unga wake. "Mimi nilidhani unajua," akaongeza, kwa lile tabasamu lake la upande mmoja lililonifanya nimpende na kutaka kumrushia kitu.

Kimya kile kilinitosha kuliko masomo mengi niliyokuja kuyalipia baadaye. Tena kilikuwa na faida nyingine ambayo mpiga picha wa kamera zile ataijua: shata ikifunguka, tundu la kuchungulia hufungika giza. Ile robo ya sekunde unayoinasa ndiyo pekee usiyoiona. Kwa hivyo masikio hayakuwa msaada tu, yalikuwa yote niliyokuwa nayo. Jumamosi zilizobaki nilipata picha baada ya picha, vijana wamepanda kwa miguu ya moshi na nyuso zao juu, na Mzee Kimeu akizipokea moja moja alikuwa akisema, "Asi! Hii ndiyo naitaka," na kulipapasa goti lake kwa siri.

Siku yenyewe kulikuwa na baridi na wingu limeshuka hadi kwenye vilima. Majirani walisimama wamejifunga masweta. Mama Mbula aliketi kwenye benchi la mbele, leso imekazwa mabegani, hatazami mtu. Bi Zuhura alikataa kutoka. Alisema mandazi ya wageni hayatajikaanga. Niliweka stendi, nikapima mwanga, nikapima tena. Mzee Kimeu alikuja mbele na shanga zake zote, kitambaa cha goti amekitoa ili kisiharibu picha. Vijana walikuwa nyuma yake na pembeni. Alianza taratibu, akiwazungusha, na jamani, yule mzee alikuwa anajua. Hata bila kuruka, mabega yake peke yake yalikuwa ngoma. Kisha akanitazama moja kwa moja na kutikisa kichwa, na nikajua ndiyo hiyo. Filimbi ikapiga mfululizo. Ikakatika. Nikabonyeza, na giza likaingia kwenye tundu.

Kimya hakikuwa kamili. Kulikuwa na njuga, jozi moja, zikilia kidogo chini kwa chini.

Kishindo kikaja, watu wakapiga makofi na vigelegele, maana wengi walidhani ndivyo mchezo ulivyo, kiongozi abaki chini na vijana waruke. Nilipoinua uso, Mzee Kimeu alikuwa amemkumbatia yule kijana wa kumrithi na kumvisha filimbi shingoni, akicheka kwa sauti kubwa mno. Mama Mbula ndiye hakupiga makofi. Niliingia jikoni na kamera yangu, na kabla sijasema neno Bi Zuhura, mgongo kwangu na mwiko mkononi, akasema polepole, "Kuna mmoja hakuruka."

Sikutaka kuisafisha ile rola. Niliiacha siku mbili, nikajipa kazi za kufagia. Mwishowe Bi Zuhura aliinua blanketi na kusimama hapo hadi nikaingia. Picha ilipojitokeza kwenye sinia, tuliitazama wote wawili chini ya taa nyekundu. Nilijua tu kwamba mtu alikuwa amenipa kitu chake cha mwisho nikiweke, na nilichokuwa nacho cha kumrudishia kilikuwa hiki.

Walikuja Jumatatu pamoja, yeye na mkewe. Mzee Kimeu hakuwa na shanga wala koti. Alikuwa na nguo zake za kazi, kucha zina rangi ya buluu. "Niliambia hii goti iruke," alisema kabla hata ya salamu, "ikasema hapana. Mbele ya watu wote." Nikaiweka picha kwenye kaunta.

Vijana walikuwa wameyeyuka wote. Walikuwa wamepanda kulia na kushoto na nyuma, moshi wa shanga na mikono, hapa nusu ya uso, pale kivuli cha mguu. Katikati yao Mzee Kimeu alikuwa amesimama, nyayo mbili ardhini, filimbi mdomoni, macho juu. Kila mkunjo wa uso wake ulionekana.

Mama Mbula aliinama, akaweka kidole kwenye miguu ya mumewe. "Ako chini," alisema, na akapumua.

Mzee Kimeu alibaki ameinamia picha. Nilitaka kumwambia lolote, pole, au kwamba mwanga ulikuwa mzuri, lakini Bi Zuhura alinikanyaga mguu chini ya kaunta.

"Wote wameruka," akasema Mzee Kimeu. "Ni mimi tu nimebaki."

Akaichukua picha, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Alikaa hapo, mgongo kwetu. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, lakini kidevu alikuwa amekiinua mwenyewe.

"Lakini hawa wengine," alisema, "huwezi jua ni nani. Ni mimi tu naonekana."